Dakika Kumi za Mvua

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Watu wakubwa wote huwa nazo, na siku nikiwa waziri sitaki waandishi wahangaike kutafuta nilianzia wapi. Nilianzia hapa. Chumba kimoja na nusu, mimi na baba. Nusu ni yangu.

Nasoma chuo kikuu. Uchumi na jiografia ya watu, vyote viwili kwa mpigo! Wenzangu wa kozi nyingine wanasoma kimoja na kinawatoa jasho. (Udaktari walinikataa, uhandisi wakanikataa, sheria hata hawakujibu. Huku ilibaki nafasi moja. Lakini hayo ni ya humu ndani tu.) Uchumi unakueleza kwa nini mtu hana kitu. Jiografia ya watu inakueleza anakaa wapi na huko kutokuwa nacho. Ukivijua vyote viwili, nani atakudanganya?

Leo mhadhiri wetu katugawia mitaa. Tunamwita Macho Sita: mawili ya kuzaliwa, mawili ya miwani iliyo puani, mawili ya miwani iliyo kwenye paji la uso, ambayo huitafuta kila siku. Kila mwanafunzi ahesabu wapita njia wa mtaa wake siku tatu, ahoji wateja ishirini wametoka wapi na wamefuata nini, achore ramani, aandike ripoti. Tena si mchezo. Yeye ni mjumbe wa kamati ya mipango miji, na kamati inataka kujua mafundi wa barazani wabaki mtaa upi na wahamishwe mtaa upi. Ripoti zetu ndizo zitakazosema.

Tukachomoa vikaratasi kwenye kofia yake. Nikafungua changu kwa madaha. Mtaa wa nyuma ya posta.

Nikakikunja upesi, nikakifunika kwa kiganja.

Mtaa wa nyuma ya posta ndipo anapokaa baba. Anashona viatu pale, chini ya ngazi za duka la vitabu, miaka ishirini na sita sasa. Na mimi darasani nimeshasema baba yangu ni mkurugenzi wa kampuni ya bidhaa za ngozi. Si uongo! Ngozi ipo. Anaongoza. Kampuni ni yeye, nyundo na sindano.

Nikamwomba Rula tubadilishane. Rula ni yule binti anayepigia mstari kila sentensi kwa rula, hata anaponiandikia kwamba nimekaa kiti chake. Akakataa. Kilichomwangukia mtu ni chake. Halafu akaongeza kwamba mtaa wangu ni mzuri, kuna mzee pale alimshonea kandambili akakataa malipo, eti uzi wenyewe ulikuwa masalia.

Jumatano, 5 Machi

Kosa. Nimemwambia baba.

Nilitaka tu kumpa taarifa kwamba mtaa wao umeingia kwenye utafiti. Akaweka kijiko chini. Akaniuliza mara tatu kama ni kweli ni mimi mwenyewe nitakayekwenda kuwahesabu. Ananiita Profesa tangu nilipopata barua ya chuo, bila utani hata kidogo, na hilo ndilo linalonikera. Basi leo Profesa alikuwa yeye. Kanipa mtaa mzima: asubuhi wanapita wa posta, saa nne wagonjwa wa zahanati, mchana wanafunzi, jioni kila mtu. Akasema atanitafutia kigoda. Mama Cherehani, jirani yake wa barazani, atakipigia kitambaa.

Kisha akatoa kopo lake. Nalijua tangu utotoni. Kila mteja akiacha kiatu, baba hutupa humo msumari mmoja mdogo wa soli. Jioni anamwaga, anahesabu, anarudisha; Jumapili kopo linaanza upya. Hajaruka hata siku moja, akasema. Nichukue hesabu yake kama itanifaa.

Nikamweleza kwa upole kwamba misumari si takwimu. Chuo kikuu tunatumia sampuli. Akauliza sampuli ni nini. Nikamwambia ni kama kuonja mchuzi: huhitaji kumaliza sufuria, kijiko kimoja kinatosha.

Akafikiri. Akasema sawa, lakini kwanza unakoroga.

Mzee hajasoma. Ninamvumilia.

Ijumaa, 7 Machi

Kazi imekwisha! Siku tatu za watu wengine, mimi dakika kumi. Mimi huyu!

Mpango ulikuwa hivi. Nisiende barazani, maana darasa zima linapita posta na sitaki mtu amwone mkurugenzi na nyundo yake. Nikakaa kibanda cha chai cha ng'ambo ya barabara, nyuma ya nguzo, kofia imeshuka machoni. Mvua ikaanza. Mvua ya kweli, ile ya kupiga mabati makofi. Nikatazama saa, nikaanza kuhesabu.

Dakika kumi: akapita tarishi wa posta. Halafu akarudi. Nikamhesabu mara moja, mimi ni mwaminifu. Mbwa sikumwandika.

Mtu mmoja kwa dakika kumi ni sita kwa saa. Saa kumi za kazi, sitini kwa siku. Hesabu tupu, haina ubishi. Kisha nikajaza madodoso ishirini mwenyewe, kwa kalamu nne tofauti, na mawili nikayadondoshea chai makusudi yaonekane yametoka mtaani. Umetoka wapi? Karibu. Umefuata nini? Nimepotea njia. Nilipomaliza, chai ilikuwa bado vuguvugu.

Nyumbani baba akaniuliza mbona sikufika. Kigoda kilikuwepo. Nikasema mvua. Akasema, ndiyo, mvua.

Kisha akamwaga misumari. Thelathini na mmoja zaidi ya jana! Akaeleza, kama mtu asiyeeleza kitu, kwamba mvua ikinyesha hapiti mtu, lakini ikikatika ndipo soli zinapoachia, na wote wanakuja kwa pamoja. Siku ya mvua ndiyo siku yake kubwa.

Nikamwambia tayari nimeshafunga utafiti.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya utukufu.

Rula alileta kurasa sitini na shingo iliyoungua jua. Mimi kurasa tisa na jalada zuri, jina langu kwa herufi nene. Ya nani ikasomwa mbele ya darasa? Yangu! Macho Sita alitembea huku na huko akiipunga. Akasema hatimaye kuna kijana asiyeogopa kusema kweli chungu: huu ni mtaa unaokufa. Sitini kwa siku! Akasema anaipeleka kwenye kamati kesho.

Wakanipigia makofi. Niliinama kidogo, si sana.

Rula akanyoosha mkono, akauliza nimehesabu siku ngapi. Nikajibu kwamba wengine wanahesabu siku, wengine wanazifanya zihesabike. Darasa likacheka. Hakucheka. Akauliza tena, yule mzee wa viatu yuko wapi kwenye jedwali langu? Nikafungua ukurasa wa sita, nikamsomea kwa sauti: fundi viatu mmoja, mzee, hana wateja.

Nilisoma vizuri tu. Sauti haikutetemeka. Nimeandika hapa ili ijulikane kwamba haikutetemeka.

Jumatatu, 17 Machi

Barua imebandikwa ukutani mtaa wa nyuma ya posta. Kufikia mwisho wa mwezi mafundi wote wa barazani wahamie jengo jipya la mafundi, ghorofa ya tatu. Lifti itawekwa baadaye. Sababu: utafiti wa chuo kikuu umeonyesha mtaa hauna wateja.

Mama Cherehani, nasikia, alisimama katikati ya barabara akamwombea aliyeandika utafiti huo kila kifungo cha maisha yake kidondoke mbele za watu. Leo shati langu limeachia kifungo kimoja. Uzi ulikuwa mkuukuu.

Baba kaleta nakala nyumbani. Anasoma, lakini polepole, na kidole. Akanipa mimi, eti msomi yupo ndani kwa nini ahangaike. Nikasoma. Nilipofika penye jina langu nikapata kikohozi. Badala yake nikasoma: na wataalamu wengine. Akatikisa kichwa. Akauliza ghorofa ya tatu ina ngazi ngapi. Sikujua.

Alizungusha kikombe hadi chai ikaganda utando. Kisha akasema, si kwangu, kwa kikombe: mtu aliyekatikiwa na kiatu hapandi ngazi.

Basi. Hakulalamika zaidi. Afadhali angelalamika.

Alhamisi, 20 Machi

Nina mpango. Lini nimekosa mpango?

Kamati itakutana na mafundi Jumatano kusikiliza pingamizi, na pingamizi bila sahihi za wananchi ni maneno ya barabarani. Nikamwambia baba aniachie mimi, nitazunguka na karatasi kuwatafuta wateja wao wa kila siku. Akafurahi, akanipa kofia yake ya jua. Nikaenda nayo maktaba.

Sahihi mia nne na kumi na mbili! Kwa siku mbili! Mkono wa kulia, wa kushoto, kalamu mdomoni. Nimetia darasa letu lote, wapishi wa bweni, timu mbili za mpira pamoja na mwamuzi, majirani, majirani wa majirani. Majina yalipoanza kuniishia nikawa naandika linalokuja. Nilikuwa nimechoka. Linalokuja ndilo nililoandika.

Rula akanikuta nikiandika kwa mkono wa kushoto. Nikasema nimeumia wa kulia. Akaketi. Kumbe jana alipeleka viatu kwa baba, na baba, mzee wa watu, akamsimulia kuhusu mwanawe aliye chuo kikuu, akamtaja kwa jina, anayesoma mambo mawili kwa pamoja, atakayekuja siku moja kukaa kwenye kigoda kile pale. Alimwonyesha kigoda.

Nikasubiri anicheke. Mkurugenzi, kampuni, ngozi, mambo yote alikuwa nayo mkononi. Hakucheka! Hilo ndilo sitamsamehe. Akaniambia taratibu niende kwa Macho Sita, niseme nilihesabu wakati wa mvua (kumbe aliniona kibandani), nitapewa wiki nyingine, watu hukosea. Akasema pia ile kauli ya baba kuhusu kiatu na ngazi (alimwambia na yeye!) ndiyo kozi yetu nzima, uchumi mguu wa kulia, jiografia mguu wa kushoto, na Macho Sita ametumia muhula mzima kuisema vibaya zaidi.

Nikamwambia ana wivu wa kurasa tisa.

Jumatano, 26 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi wa halmashauri, viti vya plastiki. Mbele afisa mipango, Macho Sita kando yake. Mafundi safu za nyuma, wamevaa vizuri kama wanakwenda kuchumbia. Baba na kopo lake mapajani. Mimi safu ya pili, na darasa, kama mtafiti aliyealikwa.

Afisa akainua ripoti yangu kwa mkono mmoja na sahihi zangu kwa mkono mwingine. Akasema leo ana muujiza. Mtaa huu hupitwa na watu sitini kwa siku. Lakini watu mia nne na kumi na wawili wametia sahihi kwamba wanapita hapo kila siku bila kukosa. Akauliza, hao mia tatu na hamsini na wawili wengine wanapita juu ya mapaa?

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikacheka na mimi kwanza, maana kilikuwa kichekesho kizuri. Halafu nikaelewa kwamba karatasi zote mbili ni zangu.

Akaanza kusoma majina. Akasoma la Macho Sita. Macho Sita akashusha miwani ya juu akapandisha ya chini, akasema hajawahi kushona kiatu mtaa ule maishani. Akasoma la mwamuzi wa mpira, mara mbili. Vicheko. Akageuza ukurasa wa tisa, akasoma jina la mama.

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano.

Sikumbuki kuliandika. Naapa. Nimesema nilikuwa nimechoka, liliingia lenyewe na kalamu, na sahihi yake nadhani niliipatia, ile ya kukunja mkia mwishoni. Sikugeuka nyuma. Nilisikia kopo likigongwa na kitu, kama mtu aliyelikamata ghafla.

Macho Sita alikuwa ameweka karatasi mbili sambamba. Akaniangalia kwa macho yote. Akasema yule mwandishi wa ripoti asimame. Akauliza, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, ipi kati ya hizi mbili ni ya uongo. Ikiwa ni ripoti, chuo kina utaratibu wake kwa wanafunzi wa namna hiyo, na utaratibu huo una mlango mmoja tu, wa kutokea.

Rula alikuwa ananitazama. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na sentensi. Ilikuwa fupi: nilihesabu wakati wa mvua. Maneno manne ya watu wengine, kwangu yalikuwa mazito kama mlango wa chuma.

Nyuma kiti kikakwaruza sakafu. Baba kasimama.

Alivua kofia. Akasema, mheshimiwa, karatasi ya sahihi ni yetu sisi wazee wa barazani. Hatujasoma. Tuliambiana tuandike majina mengi, tukaandika hadi ya waliotangulia mbele ya haki, mtusamehe. Ripoti ni ya kijana huyu na kijana huyu amesomea mambo haya, yote mawili. Kama kaandika sitini, ni sitini.

Afisa akamwuliza kopo hilo lina nini. Baba akalitazama kama vile mtu kamwekea. Akasema, misumari tu.

Akaketi. Mama Cherehani alinyanyuka nusu, baba akamgusa mkono, akaketi naye.

Ombi likakataliwa. Ripoti ikabaki.

Alhamisi, 27 Machi

Asubuhi nilimkuta baba anapiga rangi viatu vyangu vya chuo. Nikaanza kumweleza kuhusu sampuli, kwamba hata wataalamu wakubwa huwa wanateleza. Akanikatiza, kwa upole. Akasema siku ile ya mvua aliniona ng'ambo, nyuma ya nguzo. Alinijua kwa magoti. Alidhani nasubiri ikatike ndipo nivuke.

Akanipa viatu.

Jumatatu, 31 Machi

Kuhama. Nilibeba vyombo mwenyewe, mtu asiseme sikusaidia. Nyundo, fuma mbili za kutobolea ngozi, begi la masalia ya soli, kigoda chenye kitambaa cha maua ambacho hakijakaliwa. Ngazi hamsini na nne. Nilizihesabu kila safari, safari sita, jibu lile lile. Hesabu yangu ya kwanza sahihi tangu nianze chuo, na hakuna aliyeihitaji.

Mama Cherehani alinipita kwenye ngazi na mashine yake kichwani. Alijua. Nilisubiri laana. Akasema tu, pisha njia, mwanangu, nina mzigo.

Alama za ripoti zimetoka. Nimefaulu. Macho Sita hakunitazama aliponipa. Rula kanipita mimi kwa alama kumi na saba, hakutaja.

Jumamosi, 12 Aprili

Wiki mbili ghorofa ya tatu. Chumba kisafi, dirisha linatazama ukuta. Wiki nzima ya kwanza: misumari minne. Wiki hii hadi jana: miwili, na mmoja ni wa Rula, ambaye viatu vyake vinakatika mno siku hizi kwa msichana anayetembea polepole vile.

Baba anafika saa moja asubuhi kama zamani. Anapanga fuma. Anasikiliza ngazi. Mtu akipanda anainua shingo, na mtu huyo anaingia kwa fundi simu. Jioni bado anamwaga kopo, bado anahesabu, ingawa mtu hahitaji kumwaga kopo kuona misumari miwili.

Sikuweza kuendelea kutazama. Nikapata mpango.

Leo mchana nilipita duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua misumari kumi na miwili. Baba alipoteremka kuchota maji nikaitumbukiza koponi, nikatikisa kidogo ichanganyike. (Kwanza unakoroga. Nimejifunza!) Kisha nikakaa kwenye kile kigoda, kwa mara ya kwanza, nikajifanya nasoma.

Jioni akamwaga. Nikaona hapo hapo. Miwili ilikuwa midogo ya soli, myepesi kama mbegu. Kumi na miwili ilikuwa mirefu kama vidole, ya kupigilia bati, na vichwa vya mwavuli. Miaka ishirini naishi na fundi viatu, sijui msumari wa kiatu.

Baba akahesabu kwa sauti, mmoja mmoja, kidole juu ya kila mmoja. Kumi na minne. Akasema si haba, Profesa, mahali hapa panaanza kuchangamka.

Kisha akarudisha midogo koponi. Mirefu akaipanga sambamba mezani, akachagua ulionyooka. Akafungua begi, akatoa ripoti yangu. Sikujua anayo. Kaomba nakala ofisi ya mipango, Jumatano ile ile, walipomaliza kumkatalia. Akaipigilia ukutani juu ya kichwa chake, jina langu kwa herufi nene, kwa msumari wangu wa bati. Nyundo mara mbili tu. Akarudi nyuma hatua moja kuitazama kama imenyooka.

Nimelala chali kwenye nusu yangu ya chumba, naandika. Nimelitafakari jambo hili kwa undani, kama msomi, na kosa langu nimeliona waziwazi.

Ni saizi. Jumatatu nanunua midogo.